Simu Zimepanda Bei: Ubadilishe Sasa au Utulie na Hiyo Uliyonayo?



Wiki tatu zilizopita dada mmoja anayeuza vyombo vya jikoni huko Tabata alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika nne. Anasema amezunguka Kariakoo, mtaa wa Aggrey wote, kila duka bei imepanda, na muuzaji mmoja amemwambia, "Dada, chukua leo, mwezi ujao hutaiweza." Mkononi ana laki tano na nusu. Swali lake lilikuwa moja: anunue kabla haijapanda tena, au abaki na simu yake inayogandaganda?

Nikamuuliza, hiyo laki tano na nusu ni hela ya nini?

Akakaa kimya kama nusu saa. Halafu akaandika: "Ya mzigo."

Ndiyo maana nimeamua kuandika somo zima, maana swali hili naletewa karibu kila wiki sasa hivi, na wengi wanaouliza wameshika hela ya mzigo. Mimi mwenyewe niliwahi kuishika hivyohivyo na nikaitumia vibaya. Nitawaeleza.

Kwanza niseme, muuzaji wa Aggrey hakumdanganya. Bei zimepanda kweli, na sababu yenyewe haiko Kariakoo. Ndani ya simu kuna memori za aina mbili: RAM, ile inayofanya simu iwe nyepesi ukifungua vitu vingi, na memori ya kuhifadhia picha na mafaili. Memori za RAM duniani sehemu kubwa zinatoka kwa kampuni tatu tu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Hizi kampuni sasa zinauza memori nyingi kwa wale wanaojenga vituo vikubwa vya kompyuta za akili mnemba, ambao wananunua kwa wingi na wanalipa vizuri. Desemba 2025 Micron ilitangaza kabisa kwamba inaachana na Crucial, jina lake la memori za kuuzia watu wa kawaida, ili nguvu iende kwa hao wateja wakubwa. Sasa mzalishaji wa simu naye anagombania kilichobaki. Kwenye simu ya milioni tatu, memori ikipanda kidogo haionekani sana. Kwenye simu ya laki tatu au nne, ambazo ndizo zetu, inaonekana palepale, kwa sababu memori ni sehemu kubwa ya gharama ya simu ndogo. Ongeza na kwamba waagizaji wetu wananunua Guangzhou na Dubai kwa dola, siyo kwa shilingi.

Kwa hiyo bei imepanda, hilo halina ubishi. Lakini bei kupanda ni habari za simu. Wewe unatakiwa ujue habari za biashara yako, na hizo ni habari mbili tofauti.

Sasa kisa changu.

Mwaka 2024, kabla ya Idi, nilikuwa nauza madera na mitandio mtandaoni, fremu bado sijapata. Simu yangu ilikuwa ndogo, imepasuka kioo kwa pembeni, na nilikuwa naona aibu nayo. Nikajishawishi kwamba picha zangu hazina mvuto kwa sababu ya simu. Nikaenda kuchukua simu ya mkopo. Kianzio laki mbili na nusu, halafu shilingi 3,500 kila siku kwa mwaka mzima. Aliyenihudumia alinitajia ile 3,500 tu. Na mimi nikaona, aah, 3,500 si chipsi na soda.

Sikupiga hesabu siku ile. Ngoja tuipige leo. 3,500 mara siku 365 ni 1,277,500. Jumlisha kianzio, unapata 1,527,500. Simu hiyohiyo kwa hela taslimu dukani ilikuwa 950,000. Yaani nililipa zaidi ya laki tano na sabini juu ya bei. Tunawacheka wanaochukua kausha damu, kumbe na mimi nilikuwa nayo mfukoni, ina kava zuri.

Ila hiyo siyo sehemu iliyoniuma. Ile laki mbili na nusu ya kianzio ilikuwa hela ya mzigo wa Idi. Dera nilikuwa nanunua jumla 12,500 nauza 20,000, kwa hiyo ningepata madera ishirini, na kwa kasi ya wiki zile mzigo wa namna hiyo ulikuwa unaisha na kurudi tena mara moja kabla ya sikukuu. Hiyo ni faida ya kama laki tatu ambayo sikuipata. Wateja walikuja, wakaona picha nzuri kweli, wakauliza saizi, na mimi nikawa najibu "imeisha dada, samahani." Picha nzuri za mzigo ambao sina.

Baada ya Idi biashara ikalala, kama inavyolala siku zote. Nikachelewa marejesho siku tatu. Jumamosi asubuhi naamka, simu imefungwa. Kioo chote kina maandishi ya kunitaka nilipe. Ndani yake kulikuwa na oda za watu wanne, na mmoja alikuwa ameshalipa 60,000 ya madera matatu anasubiri bodaboda. Laini yangu iko humo, WhatsApp ya biashara iko humo, namba za wateja ziko humo. Mpaka nilipopata hela ya kulipia, ikawa Jumapili jioni. Yule mteja alikuwa ameshapeleka muamala wake kwenye grupu la kitchen party lenye wanawake zaidi ya mia, ameandika "jihadharini na huyu tapeli." Nilimpelekea madera yake mwenyewe kwa miguu yangu, nikamuomba radhi, akaifuta ile posti. Lakini grupu lile halikununua kwangu tena.

Naomba nieleweke, sisemi mkopo wa simu ni haramu. Kuna watu umewasaidia. Nasema tu ukienda kuchukua, uliza mambo mawili na uyaandike: jumla yote nitalipa shilingi ngapi, na nikichelewa siku moja kinatokea nini. Akikujibu kwa "utalipa kidogo kidogo tu," hajakujibu.

Basi, tangu hapo nina utaratibu wangu, na ndio niliompa yule dada wa Tabata.

Chukua daftari la kawaida. Kwa wiki mbili, kila simu ikikukosesha mteja au ikikuchelewesha, andika mstari mmoja: tarehe, kilichotokea, mteja alikuwa anataka nini, na faida ambayo ungepata. Faida, siyo bei ya kuuzia. Ukiandika bei ya kuuzia utajidanganya, kila kitu kitaonekana kinastahili simu mpya. Na mteja akirudi baadaye akanunua, mkate kwenye orodha, hujampoteza.

Mimi nilifanya hivi Januari mwaka huu. Simu yangu ni ileile ya mkopo, nimeshaimaliza, na ilikuwa imeanza kunisumbua. Nilishaona nyingine dukani, Novemba ilikuwa 480,000, Januari nakuta 560,000. Moyo unadunda. Lakini nikasema daftari kwanza.

Wiki mbili nilipata mistari tisa. Mitano ilikuwa betri: saa nane mchana simu imezima, niko njiani natoka kuchukua mzigo, wateja wanauliza hawajibiwi. Miwili ilikuwa kujaa, napiga video inaniambia hakuna nafasi. Mmoja picha ilitoka na ukungu mteja akashindwa kuona rangi halisi. Na mmoja, nacheka mwenyewe, bando liliisha. Hilo hata uwe na simu ya milioni nne linaisha vilevile.

Katika hiyo tisa, waliopotea kabisa walikuwa wateja watano. Dera moja faida 7,500, kwa hiyo 37,500 kwa wiki mbili, tuseme 75,000 kwa mwezi. Simu mpya 560,000, ya zamani ningeuza laki mbili, natakiwa kuongeza 360,000. Gawanya kwa 75,000, ni miezi mitano kasoro ndiyo simu ijilipe. Siyo mbaya, si ndiyo? Hapa ndipo wengi wanaishia, wanaenda kununua.

Ila kuna swali limerukwa. Je, hiyo 75,000 naweza kuiokoa kwa njia ya bei rahisi zaidi? Nikaenda kwa fundi, betri 45,000. Kadi ya memori ya kuweka picha 20,000. Ukungu kwenye picha ulikuwa ile protekta ya kamera, imechakaa na kujaa mafuta, niliibandua bure. Jumla 65,000 na matatizo karibu yote yakaisha. Sasa ukipiga hesabu ya simu mpya upya, itaniokolea shilingi ngapi kwa mwezi? Karibu sifuri. Laki tatu na sitini ili kuokoa sifuri.

Kwa hiyo hesabu ya simu mpya inapigwa baada ya kutengeneza iliyopo, siyo kabla. Hapa naomba msiharakishe.

Nizungumzie betri kidogo, kwa sababu ndiyo inayofanya watu wengi waichukie simu bila kosa. Betri ni kitu kinachoisha, kama soli ya kiatu. Apple wenyewe wanasema betri za iPhone 14 kushuka chini zimetengenezwa zibaki na asilimia 80 ya uwezo wake baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 500. Mtu wa kawaida anayechaji mara moja kwa siku, hiyo ni mwaka mmoja na miezi minne hivi. Muuza mtandaoni anayechaji asubuhi na mchana anafika huko chini ya mwaka. Simu haijafa, imechoka betri tu. Ila usiweke betri ya elfu nane ya kwenye meza ya barabarani. Mwambie fundi unataka nzuri, muulize anakupa siku ngapi za kuijaribu, na ukiona simu imeanza kuvimba mgongo usingoje hata siku moja, ipeleke, hiyo ni hatari ya moto.

Kuhusu kujaa: asilimia kubwa ya uchafu uko WhatsApp. Ingia Mipangilio, halafu Hifadhi na data, halafu Dhibiti hifadhi. Itakuonyesha magrupu yanayokula nafasi kwa mpangilio, kubwa kwanza. Mimi nilikuta grupu moja la ukoo linakula gigabaiti sita, video za mahubiri na vichekesho, zimejirudia. Futa, halafu zima ile ya picha na video kujipakua zenyewe. Utaokoa nafasi na bando kwa pamoja. Kabla ya kufuta, hakikisha hufuti picha za miamala ya wateja.

Halafu kamera. Jamani, kamera. Hapa ndipo wauzaji wa simu wanatupigia, maana wanajua tunauza kwa picha. "Dada hii ina megapikseli hamsini." Sawa. Sasa ukiposti Instagram, picha inaonyeshwa kwa upana wa pikseli 1080. Picha ya wima ya 1080 kwa 1350 ni kama megapikseli moja na nusu tu. Yaani hata kamera ya megapikseli nane ina zaidi ya mara tano ya kinachohitajika. WhatsApp nayo inabana picha zako, hasa usipochagua HD wakati wa kutuma. Na hizo kamera za megapikseli 50 nyingi zinaunganisha nukta nne kuwa moja, kwa hiyo picha unayopata kwa kawaida ni kama ya megapikseli 12 na nusu. Simu ghali ina picha nzuri zaidi usiku na kwenye video inayotembea, hilo silikatai. Lakini dera lililotundikwa mlangoni saa tatu asubuhi, nyuma kuna shuka jeupe, lenzi imefutwa kwa kitambaa laini, mteja hawezi kujua umepiga na simu gani. Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza natumia simu gani. Wanaouliza ni marafiki. (Na nikienda Kariakoo kuchukua mzigo, simu kubwa naiacha kwenye pochi. Ukiiweka juu ya meza wakati unaomba bei ya jumla, mwenye duka anaisoma.)

Na kama tatizo lako siyo simu mbovu, ni wateja wengi kuliko mikono yako, kuna njia ya katikati. WhatsApp inakuruhusu kuunganisha namba yako kwenye vifaa vingine mpaka vinne, pamoja na simu nyingine. Simu ndogo iliyotumika, iwe na WhatsApp tu, anakaa nayo mdogo wako au kijana wa dukani anajibu wateja wakati wewe uko kwenye daladala. Simu yako kuu ukiizima, ile nyingine inaendelea kufanya kazi. Sharti uifungue ile kuu angalau mara moja ndani ya siku 14, la sivyo zilizounganishwa zinajitoa.

Sasa nisije nikaonekana nakataza watu kununua simu. Kuna wakati kubaki na simu ya zamani ndiko kunakokula hela.

Rafiki yangu mmoja anatengeneza keki. Biashara yake ni video, anaonyesha anavyopamba, na oda zake anazipata kwenye laivu jioni. Simu yake ilikuwa na RAM ya gigabaiti 2. Kila akifungua laivu ikifika dakika ya kumi inaganda, watu wanaondoka. Betri nzima, nafasi ipo, ameshaifuta mpaka picha za harusi yake. RAM siyo kitu ambacho fundi wa mtaani anakuongezea. Hiyo simu ilikuwa imefika mwisho wake kwa kazi ile. Daftari lake lilionyesha anapoteza oda tatu kwa wiki, faida 15,000 kila moja. Ni 45,000 kwa wiki.

Simu aliyoitaka ilikuwa 450,000 mwezi wa Novemba. Akasema ngoja, nasikia bei zitashuka mwaka mpya. Hazikushuka. Mwisho wa Februari akanunua kwa 520,000, ya zamani akauza 90,000, akaongeza 430,000. Kwa 45,000 kwa wiki, simu inajilipa kwa wiki kumi hivi. Mpaka leo analalamikia ile 70,000 iliyoongezeka. Nikamwambia, wewe, 70,000 ni wiki moja na nusu ya oda ulizopoteza. Umesubiri wiki kumi na sita. Kumi na sita mara 45,000 ni 720,000. Ungeweza kununua simu hiyo kwa hela uliyoipoteza ukiisubiri ishuke, na chenji ikabaki.

Mnaona tofauti? Yeye na mimi tuliangalia bei zilezile zinazopanda, kwenye msimu uleule. Mimi jibu langu lilikuwa usinunue, na lingekuwa usinunue hata bei ingebaki 480,000. Yeye jibu lake lilikuwa nunua, na lilikuwa nunua hata kwa 520,000. Bei kupanda haikubadilisha jibu la yeyote kati yetu. Kitu pekee inachobadilisha ni tarehe: kama daftari limeshasema nunua, na hela ni ya faida, usikae unasubiri ishuke. Kama daftari limesema tengeneza, basi "chukua leo mwezi ujao hutaiweza" siyo habari yako, hata kama ni kweli.

Kipimo changu mimi ni miezi minne. Simu isiyoweza kujilipa ndani ya miezi minne, baada ya kutengeneza kinachotengenezeka, naiacha. Wewe unaweza kuweka mitatu au sita kulingana na biashara yako inavyozunguka. Ila hela isitoke kwenye mtaji. Kama huna faida iliyotengwa, anza kutenga 2,000 kwa siku, hata ukichelewa. Niliwahi kuuza picha nzuri bila mzigo, najua nasema nini.

Kuna hali moja ambayo haihitaji daftari: simu ambayo WhatsApp imeikataa. Mwaka 2025 iliacha kufanya kazi kwenye Android 4.4, na pia kwenye iPhone zisizofika iOS 15.1, kama iPhone 5s na 6. Ukifika hapo hakuna cha kujadili, na usingoje siku ya mwisho. Hifadhi nakala ya mazungumzo mapema, wateja wako wako humo.

Ukiamua kununua, mambo machache ya haraka. Kwenye boksi ukiona RAM "8GB" soma maandishi madogo. Nyingi ni 4+4, maana yake RAM halisi ni 4, ile nyingine imekopwa kwenye nafasi ya kuhifadhia, ambayo ni ya polepole zaidi. Na kwa msimu huu ambao memori ni ghali, usishangae kukuta toleo jipya lina RAM ileile ya mwaka juzi au ndogo zaidi, kwa bei kubwa. Uliza ile halisi. Kwa laivu na video mimi sishuki chini ya 6 halisi.

Bonyeza *#06#, linganisha namba ya IMEI na ya kwenye boksi, halafu itume kwenda 15090 ujue kama simu ni halali. Wazee wa mjini mnakumbuka Juni 2016 TCRA walivyozima simu feki, watu waliamka na matofali. Kama ni iliyotumika, muuzaji aitoe akaunti yake ya Google au iCloud mbele yako, uiwashe upya mpaka mwisho, uweke laini yako, upige simu, uchaji, upige video ya dakika tano huku umeshika mgongo wa simu uone inapata moto kiasi gani. Muuzaji akikuharakisha, ondoka. Dai risiti ya EFD. Na kumbuka mpya zikipanda, watu wanakimbilia zilizotumika, kwa hiyo nazo zinapanda. Hilo linakusaidia pia: ile ya kwako ya zamani usiitupe kwa bei ya mwaka jana, ulizia maduka matatu kwanza.

Yule dada wa Tabata? Alinuna kidogo, alitaka nimwambie ndiyo au hapana. Lakini mzigo alichukua. Masufuria yale ya seti yameisha kabla ya mwisho wa mwezi. Juzi amenitumia picha ya daftari lake la wiki mbili: mistari sita, minne ni betri, mmoja kujaa, mmoja amesahau kujibu mteja mwenyewe akaandika kwa uaminifu kabisa "mimi." Kesho anakwenda kwa fundi. Na ile picha aliyonitumia nilisoma kila herufi bila shida, ameipiga na simu ileile.